Mara ya kwanza alitushukuru kwa machozi, mara ya pili hakufungua mlango na yumo ndani. Shida iko wapi?

#1 Kijana wa Huduma
Wakuu habari za humu. Mimi niko kwenye timu ya huduma kwa wahitaji kanisani kwetu, tunatembelea wajane, wagonjwa na familia zenye hali ngumu, wote tunajitolea hakuna anayelipwa. Kuna mama mmoja mjane ana watoto, jina lake tulipewa na muumini anayekaa jirani naye. Mara ya kwanza tulienda timu nzima na mfuko wa chakula, sabuni na blanketi, tukaimba, tukaomba, mama akalia na kutushukuru sana. Baadaye tukarudi na mzigo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ndala zake ziko mlangoni, redio inasikika. Tukabisha hodi. Redio ikapunguzwa sauti. Haikuzimwa wakuu, ilipunguzwa. Tukabisha tena, tukaita, kimya. Tumesimama pale mpaka majirani wakaanza kuchungulia, mwisho tukaacha mzigo kwa yule jirani tukaondoka.

Sasa kwenye kikao kuna wanaosema afutwe kwenye orodha maana inaonekana hana shida, wengine wanasema ni kiburi, mwenyekiti anasema ni vita ya kiroho. Mimi sielewi kabisa. Wenye uzoefu na hizi kazi, kwa nini mtu mwenye uhitaji amkimbie anayekuja kumsaidia?

#2 KitiChaNyuma
Vita ya kiroho na kitufe cha redio wapi na wapi 😂😂 naweka kambi hapa

#3 Bi Daftari
Mleta uzi kabla hatujajibu, mlikwenda watu wangapi? Mlimpa taarifa? Na kuna mtu alipiga picha?

#4 Kijana wa Huduma
Dada #3, tulikuwa kama kumi na wawili hivi. Taarifa hatukutoa, tulitaka iwe sapraizi. Picha zilipigwa za kumbukumbu tu, zikawekwa kwenye ukurasa wa kanisa, na Jumapili jina lake likatajwa kwenye matangazo ili waumini waendelee kumwombea.

#5 KitiChaNyuma
Admini funga uzi, jibu limepatikana.

#6 Ngazi ya Tatu
Halijapatikana mkuu, watu mnakimbilia picha kwa sababu ni rahisi kulaumu. Mimi nawapa sababu nyingine ambayo watu wa kanisani huwa hawaifikirii. Mtu mwenye hali ngumu ana madeni, tena madogo madogo kila kona, na anaishi kwa kuwaambia wanaomdai "sina, nivumilieni". Sasa nyie mmeingia watu kumi na wawili na mizigo kichwani mnaimba. Mtaa mzima umeona. Mnafikiri jioni ile nani alibisha hodi baada yenu? Wanaomdai. Na kama ana mwenye nyumba ndio usiseme. Nilishakaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo, msaada uliingia asubuhi, kufika usiku nusu yake imeshagawanywa kwa waliokuja kudai na waliokuja kuomba. Mara ya pili hata mimi ningepunguza redio.

#7 mama_wawili
#6 umenifungua macho, hilo sikuwahi kulifikiria.

Mimi nilikuwa nawaza watoto wake. Mleta uzi amesema ana watoto, hajasema wana umri gani. Kama kuna mkubwa anayejitafutia huko alipo, akaona picha ya mama yake analia kwenye ukurasa wa kanisa na watu wanaandika Amina Amina chini yake, simu ya kwanza anayopiga ni kumuuliza mama "kwani sisi tumekufa?" Mama anakatazwa na mtoto wake mwenyewe, wala kwenu hana tatizo.

#8 Pekupeku
Nyie mna uhakika gani alikuwa ndani? Ndala mbili na redio tayari mmeshahukumu. Watoto nao wana vidole, wanaweza kupunguza redio, tena mtoto akiambiwa na mama yake "nikitoka usimfungulie mtu" hafungui hata kwa malaika. Au mama alikuwa anaoga. Au anaumwa. Mtu asipofungua jambo la kwanza ni kujiuliza kama yuko salama, nyie mkaenda kujadili kiburi kikaoni.

#9 KitiChaNyuma
Wakili wa utetezi ameingia mahakamani

#10 Asubuhi Njema
Mimi huwa nasoma tu sichangii, leo nimeamua.

Nimekua kwenye nyumba iliyokuwa inapelekewa misaada na kanisa. Nasema kwanza ile misaada ilitufikisha mahali, sitaki mtu aseme nakosa shukrani. Ila ilikuwa inakuja kwenye mifuko yenye jina la kanisa kwa maandishi makubwa, pande zote mbili. Mama alikuwa anapokea kwa mikono miwili, wageni wakitoka tu anamwaga vitu, anaugeuza ule mfuko ndani nje, anarudisha vitu humo humo ndio anatupa tuupeleke jikoni kwa bibi nyumba ya pili. Hakuwahi kutueleza kwa nini na sisi hatukuuliza. Shuleni kulikuwa na watoto wa wale wale waliokuja kuimba nyumbani kwetu. Walikuwa wananijua kwa ndani, wanajua tunalala wangapi chumba kimoja, mimi kwao sijui hata mlango una rangi gani.

Hakuna aliyetutendea ubaya hata mmoja. Lakini siku wakija, mama alikuwa anavaa ile nguo yake iliyochakaa kuliko nyingine. Fikirieni wenyewe kwa nini.

#11 Bi Daftari
Dah. #10 asante sana.

#12 Mtu wa Rejea
Ndio maana Mathayo 6 ikasema utoapo sadaka usipige panda mbele yako, na mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Na ukitaka mfano wa kazi iliyopangwa, Vinsenti wa Paulo alianzisha chama chake Paris mwaka 1833 cha kutembelea maskini majumbani na mpaka leo kipo dunia nzima, wanakwenda wawili wawili, hawaendi kwaya nzima.

#13 Mzee wa Ziara
Marekebisho kidogo kijana. Vinsenti wa Paulo alifariki 1660, hawezi kuanzisha kitu 1833. Kile chama cha 1833 kilianzishwa na wanafunzi wa chuo pale Paris, anayejulikana zaidi ni Frédéric Ozanam aliyekuwa na miaka 20 tu, wakachukua jina la Vinsenti kama msimamizi wao. Aliyewaonyesha familia za kutembelea na namna ya kuzitembelea ni mtawa mmoja, Rosalie Rendu, aliyekuwa anaijua mitaa ya maskini kwa miguu yake. La wawili wawili uko sahihi.

Ila Vinsenti mwenyewe ana kisa kinachomhusu mleta uzi moja kwa moja. Mwaka 1617 alikuwa paroko mahali panaitwa Châtillon, Ufaransa. Jumapili akaambiwa kuna nyumba wote wanaumwa, hakuna hata mmoja wa kumhudumia mwenzake. Akawagusia waumini kwenye mahubiri. Mchana akatoka kwenda kuwaona, njiani akapishana na msururu wa watu wanatoka huko huko, kila mmoja amebeba chakula. Akaona hawa leo wamepata vingi mno, vingine vitaharibika, na keshokutwa watakuwa kama mwanzo. Moyo upo, mpangilio hakuna. Ndani ya muda mfupi akakusanya kina mama wachache wakawekeana zamu, kila mmoja na siku yake.

Kwenye kanuni walizojiwekea kuna kipengele kimoja nakipenda mpaka leo. Anayepeleka chakula aanze na wagonjwa wenye mtu wa kukaa nao, amalizie na yule aliye peke yake, ili apate nafasi ya kukaa naye zaidi. Hebu linganisheni na ratiba zetu za kugawa mifuko nyumba hii na hii tukikimbizana na giza.

#14 Mtu wa Rejea
Shikamoo mzee. Nimekubali kusahihishwa 🙏

#15 Fundi Mkimya
Mimi naona mnamzungumzia huyu mama kama fumbo. Watu kumi na wawili wameingia chumba kimoja. Mgeni akiingia unamtafutia pa kukaa, hayo ni malezi ya mtu yeyote. Yeye ana viti viwili labda na kitanda. Kumi wamesimama juu ya kichwa chake wanaangalia ukuta, paa, sufuria. Mnaimba, mnaomba, mtu wa tano anaongeza neno, yeye kapiga magoti kwenye sakafu yake mwenyewe. Saa nzima. Hata kama ni ndugu zangu wa damu mkija hivyo mara ya pili nimelala.

#16 Ndimi Mtendaji
Naomba nipinge kidogo maana uzi umegeuka kuwasulubisha watu wanaojitolea. Mnajua kazi ya kuwapata hao kumi na wawili? Kwenye grupu letu la huduma ukiandika "Jumamosi tunatembelea wagonjwa" unapata Amina na mikono ya maombi mpaka simu inakwama. Jumamosi asubuhi mko watatu na mmoja kati yenu amekuja kuaga kwamba hawezi kwenda. Wakija kumi na wawili mwenyekiti hawezi kuwaambia tisa rudini nyumbani, wakirudi hao hutawaona tena. Nyie mnaoongea humu wangapi mmebeba mfuko mwaka huu?

#17 KitiChaNyuma
Mimi huwa natoa likes, nazo ni sadaka

#18 Ndimi Mtendaji
@KitiChaNyuma wewe ndio mtu wa Yakobo 2, "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" 😂

#19 Mhazini Mstaafu
Nami niungane na #16 kwa upande mwingine. Watu wanapiga vita picha, sawa, lakini hawajui picha zilitoka wapi. Nimeshika fedha za huduma kanisani miaka mingi. Palikuwa na kipindi tulifanya kila kitu kwa siri kwa nia njema kabisa, majina hayatajwi, picha hakuna, kamati ndogo inajua. Kilichotokea, vitu vilianza kwenda kwa shemeji wa huyu na mama mdogo wa yule. Waliotoa walipouliza hakuna cha kuonyesha. Kelele ilikuwa kubwa, watu wakaacha kutoa. Picha ndio zikaingia hapo kama ushahidi kwamba mzigo umefika. Hata Paulo kwenye 2 Wakorintho 8 akibeba mchango wa Yerusalemu hakutaka lawama, alimtuma Tito na ndugu wengine wawili, akasema wazi anajiepusha mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu.

Sasa nyie mnaosema ficheni, niambieni huyo muumini aliyetoa blanketi lake atajuaje halijaishia kwa katibu?

#20 Bi Daftari
Mzee #19 shikamoo. Hoja yako ni nzito lakini ushahidi wa Paulo ulikuwa ndugu watatu wanaoaminika, haukuwa sura ya mjane wa Yerusalemu akiwa analia.

Kwetu tunatumia daftari mbili. La kwanza lina namba tu, nyumba namba 4 imepokea hiki na hiki tarehe hii, limesainiwa na wawili waliopeleka, wasiwe mtu na mkewe wala ndugu, na wanabadilishwa ili wasizoeane. Hilo muumini yeyote anaruhusiwa kulifungua. La pili lina majina yanayoendana na namba, liko kwa watu wawili tu na mmoja wao hatoki kwenye kamati ya huduma. Risiti za manunuzi zinabandikwa kwenye ubao, kila mtu asome. Mkaguzi akitaka anachagua namba mbili tatu kimyakimya anakwenda kuuliza kama mzigo ulifika. Mwizi utamkamata kwa risiti na saini, picha unaweza kumpiga mtu ana mfuko mkononi halafu ukamnyang'anya mlangoni.

#21 Mhazini Mstaafu
Sijui kuhusu kumnyang'anya mlangoni ila nimewahi kuona mfuko mmoja ukipigwa picha kwenye nyumba mbili tofauti. Hilo la daftari mbili nimelichukua. Lakini huyo wa daftari la pili naye ni binadamu, siku akikosana na mtu majina yote yako mtaani.

#22 Mshika Taa
Bwana asifiwe wapendwa. Nauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Siku ile ya kwanza mlimhubiria? Mama ni wa kanisa lenu au la?

#23 Kijana wa Huduma
Mtumishi #22 si wa kanisa letu, nilisahau kusema. Siku ile tulimwongoza sala ya toba na tukamwandika kwenye orodha ya waongofu wapya. Mwinjilisti wetu alimwambia Jumapili tutamtumia usafiri. Hakuja.

#24 Pekupeku
Hahaha mleta uzi wewe unatoa taarifa kwa mafungu kama mtu anayelipa deni. Kesho utatuambia mlimbatiza.

#25 Ngazi ya Tatu
Basi sababu ndio hiyo, kumbe chakula kilikuwa na kamba. Amekula na anajua mnakuja kuchukua malipo. Mtu ana kanisa lake au dini yake, ana wazee wake, atawaambia nini?

Historia ya kanisa yenyewe iko kinyume na hilo. Karne ya 4 Kaisari Juliani aliyekuwa anataka kurudisha miungu ya zamani alilalamika kwamba hao Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia, akataka makuhani wake waige. Mpinzani wao ndiye anayewashuhudia kwamba walikuwa wanawapa hata wasio wao.

#26 Mshika Taa
Mkuu #25 umesoma nusu. Juliani alilalamika kwa sababu watu walikuwa wanavutwa kwenye imani kupitia hayo matendo, kwa hiyo matokeo yalikuwepo. Sisi si ofisi ya ustawi wa jamii. Mtu akikuuliza kwa nini umenijia unamjibu nini, bajeti ilibaki? Unamwambia ni Yesu. Kulificha jina lake ili tuonekane wastaarabu na huo nao ni unafiki.

#27 mama_wawili
Kumjibu akiuliza na kumpigisha magoti kabla hajauliza ni vitu viwili. Luka 17 wakoma kumi walitakaswa akarudi mmoja, wale tisa Bwana aliwaulizia ila ukoma hakuwarudishia. Hakuna mahali aliwafuta kwenye orodha.

#28 Mshika Taa
Na Yohana 6 aliwaambia mnanitafuta kwa kuwa mlikula ile mikate mkashiba. Aliwakemea.

#29 mama_wawili
Baada ya kuwalisha 😊

#30 Fundi Mkimya
Hapa hamtamaliza leo, hili limewashinda wakubwa.

#31 Mtu wa Rejea
Naomba nirudi kwa tahadhari baada ya kupigwa rungu na mzee pale juu. Kuna mtu kikaoni kwao kasema afutwe "hana shida". Nani anaamua nani ana shida? 1 Timotheo 5 walikuwa na orodha, mjane asiandikwe mpaka awe na miaka sitini, awe mke wa mume mmoja, ameshuhudiwa kwa matendo mema na kadhalika. Kwa hiyo kuchuja si dhambi. Na Matendo 6 wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, wakachaguliwa mashemasi saba, na wote saba wana majina ya Kiyunani, maana yake waliolalamika ndio walikabidhiwa kazi. Sasa kwenye kamati zetu kuna mjane hata mmoja?

#32 Pekupeku
Point nzuri ila marekebisho mawili, usichukie. Sura ile haiwaiti mashemasi, ni mapokeo ya baadaye yamewapa hicho cheo. Na jina la Kiyunani halithibitishi mtu ni wa upande ule, Andrea na Filipo kati ya wale mitume kumi na wawili nao wana majina ya Kiyunani na ni watu wa Bethsaida. Inawezekana ni kweli, ila huwezi kuapa.

#33 Mtu wa Rejea
Leo si siku yangu humu ndani 😂 ila swali la mjane kwenye kamati mmelikimbia wote.

#34 Asubuhi Njema
Kwenye hilo la kuchuja mimi nina neno. Kuna wale wageni waliokuwa wanakuja na maswali. Mnakula mara ngapi, baba aliacha nini, huyu mtoto mkubwa kwa nini hafanyi kazi. Huku macho yanazunguka. Mkiwa na kitu kizuri kimoja ndani, hata ni zawadi mliyopewa, unaona jicho limesimama hapo. Redio kwa mfano. Inawezekana kabisa huyo mama alipunguza redio kwa sababu ni redio, asionekane anayo.

#35 KitiChaNyuma
Aisee. Hii sasa imenipata.

#36 Mzee wa Ziara
Binti #34 amegusa jambo la zamani. London mwaka 1869 iliundwa jumuiya kubwa ya kuratibu misaada yote ya hisani, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupeleleza nyumba kwa nyumba kuona nani anastahili na nani mvivu. Nia ilikuwa watu wasipokee sehemu tatu kwa mpigo wengine wakakosa, ni hoja ya kweli kabisa. Matokeo, maskini wengi waliwachukia. Ukishaingia na kalamu, mwenye nyumba anakujibu anachodhani unataka kusikia, na hapo hutaujua ukweli wa ile nyumba hata ukae mwaka.

Nimetembelea wagonjwa na wazee tangu nikiwa kijana. Tunakwenda wawili, na ikiwa ni nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake mmoja awe mwanamke, kwa usalama wa wote. Tunatuma salamu kabla, kwa mtu anayemwamini yeye, wala si lazima awe wa kanisani. Tukifika hatuingii mpaka tukaribishwe, na akituambia leo sina nafasi tunashukuru tunaondoka, hatumuulizi kwa nini. Siku ya kwanza mara nyingi hatubebi kitu. Tunakaa, tunaongea mambo ya kawaida. Anachohitaji atakisema siku ya tatu, na mara nyingi sicho mlichokuwa mmekipanga. Mmoja alitaka tu mtu wa kumsomea barua ya kutoka ofisi fulani, ilikuwa imekaa chini ya godoro muda mrefu anaogopa kumpa mtoto wa jirani.

#37 Ndimi Mtendaji
Mzee nakuheshimu sana ila kwa mwendo huo nyumba arobaini utazimaliza lini? Sisi tuna orodha ndefu na watu ni wachache, nyumba moja ziara tatu mikono mitupu waumini watasema mnakula nauli.

#38 Mzee wa Ziara
Hatuzimalizi. Tunachukua chache.

#39 Ndimi Mtendaji
Na zilizobaki?

#40 Fundi Mkimya
Hapo mzee amebanwa kidogo

#41 Ngazi ya Tatu
Kwa nini msimpe hela tu? Serious. Mnanunua vitu mnavyodhani anahitaji, mnabeba, mnatoa jasho, mnapiga kelele mtaani, wakati mngemtumia kwenye simu ya jirani anayemwamini akaamua mwenyewe alipe deni, kodi au dawa. Deni lake analijua yeye.

#42 Mshika Taa
Na akizinywea?

#43 Ngazi ya Tatu
Nilijua hilo litakuja. Watafiti wawili wa Benki ya Dunia, Evans na Popova, mwaka 2014 walipitia tafiti 19 za watu maskini kupewa pesa mkononi nchi mbalimbali, kuangalia kama wanaongeza pombe na tumbaku. Karibu zote hazikuona ongezeko la maana, nyingine zilionyesha matumizi hayo yamepungua. Hofu ni yetu zaidi kuliko yao. Na wewe mtumishi ukipokea mshahara nani anakuuliza kama utaunywea?

#44 Mhazini Mstaafu
Mimi sina shida na hela ila kamati ikishaanza kugawa hela taslimu foleni mlangoni kwa mchungaji itakuwa ndefu kuliko ya ibada. Tafiti hazikai kwenye ile ofisi Jumatatu asubuhi.

#45 Mama Zamu
Nimechelewa, nimesoma wote. Hakuna aliyegusa kilichonijia mimi. Huyo jirani. Yeye ndiye aliyepeleka jina la huyu mama kanisani, na mzigo wa pili ameachiwa yeye. Je, mama alimtuma akamsemee au alijisemea tu? Je, wana maelewano? Inawezekana jirani ndiye tatizo, kila mkija na kuondoka yeye anabaki na cha kusema kisimani. Na huo mzigo wa pili, nani ameuliza kama ulifika mlango wa pili? Sisemi kaiba, nasema ulizeni.

#46 Pekupeku
Mama Zamu amekuja mwisho na faili jipya kabisa. Mleta uzi mzigo ulifika?

#47 Kijana wa Huduma
Wakuu nashukuru kwa michango, nimejifunza mengi. La mzigo kwa kweli sijafuatilia. Jirani alisema "nitampa" tukaamini.

#48 KitiChaNyuma
Daftari namba mbili likuhusu 😂

#49 Mama Zamu
Na kitu kingine kijana wangu, usiongeze maelezo zaidi ya mama wa watu humu. Ndala, redio, jirani, picha iko kwenye ukurasa wa kanisa. Anayewafahamu ameshajua ni nani.

#50 Mwenyekiti Halisi
Kweli ameshajua. Kijana wangu, mambo ya kikao umeyaleta huku? Haya. Kwanza sikusema "vita ya kiroho" peke yake, nilisema tuombe kwanza tusihukumu, mkaandika nusu. Pili picha zimeondolewa tangu jana, mlioenda kuzitafuta hamtazikuta. Tatu, @Mzee wa Ziara shikamoo, naomba utuandikie vizuri namna mnavyopanga zamu za watu wawili wawili maana sisi kwenye timu tuna vijana wengi, kina mama wachache na kina baba wawili tu, na ule mpango wako wa mwanamke mmoja kila nyumba unatushinda hesabu.

#51 KitiChaNyuma
Mwenyekiti kumbe yumo 😂😂😂 mleta uzi pole, Jumapili kaa kwenye siti karibu na mlango

#52 Mzee wa Ziara
Marahaba mwenyekiti. Anza na kina mama, kila mmoja mchagulie siku anayoweza yeye, usimpangie. Ukishajua una siku ngapi zenye mwanamke ndipo ugawe vijana, na idadi ya nyumba iamuliwe na hizo siku, orodha isiamue. Vijana waliobaki wape kazi zisizo za kuingia ndani ya nyumba za watu, kuchota maji, kutengeneza paa, kusukuma kiti cha mgonjwa kwenda hospitali. Kazi za namna hiyo hawaziachi haraka. Fulana za timu kama mmeshazichapa zivaliwe huko.

#53 Mwenyekiti Halisi
Fulana tumeshalipia kianzio. Zina maandishi mgongoni.

#54 Ndimi Mtendaji
Makubwa kiasi gani?

#55 Mwenyekiti Halisi
Makubwa.